Mkanda wa jimu: uvae au usivae, na ukivaa uuvae vipi

Hili swali haliishi. Mtu akiuliza tu kama avae mkanda akipiga skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama ukiwa na chuma mabegani, anatokea wa kwanza anamwambia vaa usije ukavunja mgongo, anatokea wa pili anamwambia achana nao utakulegeza tumbo, na wote wanaongea kwa uhakika kabisa, afu yule aliyeuliza anaondoka hajui ashike lipi. Na ukiwasikiliza vizuri wote wawili wanauongelea mkanda kama kitu kinachofanya kazi chenyewe, yaani ukishaufunga basi umemaliza. Hapo ndo shida inapoanzia.

Jibu langu naliweka mapema ili mwenye haraka aondoke nalo: kama bado hujui kujaza tumbo pumzi na kulikaza kabla ya kunyanyua, usivae, jifunze hilo kwanza. Kama unalijua na mizigo yako kwenye skwati, dedilifti (kunyanyua chuma kutoka sakafuni mpaka usimame wima) au kusukuma chuma juu ya kichwa imeshakuwa mizito kweli, vaa, tena vaa bila wasiwasi, ila kwenye seti zile nzito tu, seti ni yale marudio unayopiga mfululizo kabla ya kupumzika. Mengine yote hapa chini ni namna ya kuyafanya hayo mawili.

Mkanda unafanya nini hasa

Wengi wanaamini mkanda unashikilia mgongo, kwamba ile ngozi ya mkanda iliyo nyuma kiunoni ndo inazuia usikunjike. Hapana. Unaweza ukafunga mkanda mzuri kuliko yote na mgongo ukakunjika humohumo ndani. Kazi inafanyika mbele na pembeni, kwenye tumbo. Ukivuta pumzi ndefu, kile kiwambo kilicho chini ya mapafu kinashuka, vitu vya ndani ya tumbo vinabanwa, na ukikaza misuli inayolizunguka tumbo mbele, ubavuni mpaka nyuma, ile presha inakosa pa kutokea, kwahiyo kiwiliwili chote kinakuwa kigumu na uti wa mgongo unapata egemeo kutokea mbele. Mwili unalijua hili bila kufundishwa, hata mtu ambaye hajawahi kuingia jimu akisukuma gari lililozima utamkuta kashika pumzi na kakaza tumbo.

Mkanda unakuja kuwa ukuta. Tumbo likitaka kutanuka linakutana na kitu kisichotanuka, linakisukuma, na presha ya ndani inapanda kupita pale ambapo misuli peke yake ingefika. Chukulia tyubu na tairi la baiskeli. Tyubu ukiijaza upepo ikiwa nje inavimba ovyo na haibebi kitu, ukiiweka ndani ya tairi inabeba mtu na mzigo wake, ila tairi lenyewe bila upepo nalo halibebi chochote. Mtu anayefunga mkanda afu hajazi tumbo amevaa tairi tupu.

Hii sio nadharia ya vijiweni. Toka miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakipima presha ndani ya tumbo la wanyanyuaji wakiwa na mkanda na wakiwa hawana, mzigo uleule, na inapanda zaidi wakiwa nao. Na ndo maana watu wakivaa vizuri wanaweza kuongeza kilo kadhaa juu ya chuma, au mzigo uleule wakaunyanyua kwa kasi zaidi, au wakapata marudio mawili matatu ya ziada kabla ya kuishiwa. Faida kubwa ya mkanda iko hapo, kwenye nguvu unayoweza kutoa.

Kuhusu kukinga na majeraha inabidi tuongee ukweli. Kuna ile mikanda laini wanayovaa wabeba mizigo kwenye maghala na maduka makubwa, na hiyo imechunguzwa sana. NIOSH, taasisi ya Marekani inayohusika na usalama kazini, ilisema mwaka 1994 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa mikanda ile inamkinga mfanyakazi mzima asiumie mgongo. Mwaka 2000 ikachapishwa kazi nyingine kubwa, wafanyakazi zaidi ya 9,000 kwenye maduka 160, na haikuonekana tofauti ya maana kati ya waliovaa kila siku na waliokuwa hawavai. Najua mkanda wa jimu ni mgumu zaidi na unavaliwa kwa sekunde chache tu, kwahiyo huwezi kuyahamisha matokeo hayo moja kwa moja, lakini yanatosha kumfanya mtu asinunue mkanda akidhani amenunua bima. Ukibeba vibaya na mkanda, umebeba vibaya. Na mgongo ukiwa unauma leo, usiufunge ili uendelee na seti, punguza mzigo au acha, maumivu yakikaa siku nyingi au yakishuka mguuni na ganzi juu yake nenda kamuone daktari.

Jifunze kukaza tumbo kwanza

Hii sehemu naomba usiiruke hata kama mkanda tayari unao.

Lala chali, kunja magoti, nyayo zikae chini. Weka mkono mmoja kifuani mwingine juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua taratibu na utazame mkono gani unapanda. Watu wengi unapanda wa kifuani, mabega yanapanda na shingo inakaza, hiyo ni pumzi ya juujuu na haitakusaidia chini ya chuma. Unataka wa tumboni upande kwanza. Ukishalipata hilo hamisha vidole gumba uviweke nyuma ya kiuno na vidole vingine ubavuni, chini ya mbavu, juu ya mfupa wa nyonga, vuta tena pumzi ukijaribu kuvisukuma vidole vyote, vya mbele vya pembeni na vya nyuma. Nyuma ndo pagumu, wengi wanajua kutoa kitambi tu kwenda mbele, pembeni na nyuma pamelala. Endelea kila siku dakika chache, kitandani kabla hujaamka panatosha kabisa.

Baada ya hapo ongeza kukaza. Vuta pumzi, shika, afu kohoa kidogo ukiwa umeweka vidole palepale, ule mkazo unaotokea ghafla ukikohoa ndo mkazo wenyewe. Au fikiria mtu anataka kukupiga ngumi ya tumbo na huwezi kukwepa. Tumbo halivutwi ndani! Nalirudia hili kwa sababu kuna watu wamefundishwa miaka yote kwamba kukaza tumbo ni kulinyonya liguse uti wa mgongo, wakivaa mkanda wanafanya vilevile, wanalikimbiza tumbo kutoka kwenye ule ukuta badala ya kulisukuma liugonge, afu wanasema mkanda hauna maana.

Ukiweza ukiwa umelala, simama ufanye ukiwa umesimama, afu shika chuma kitupu upige nacho skwati, vuta pumzi ukiwa juu, kaza, shuka, panda, toa pumzi ukifika juu. Mbavu zisifunguke kwenda mbele ukivuta pumzi, zibaki zimekaa juu ya nyonga. Mtu anayebinua kifua na kukunja kiuno kwa nyuma kabla ya kushuka anaanza seti akiwa ameshapoteza nusu ya ule mkazo.

Hii pumzi ya kushika ina jina, inaitwa Valsalva, kutokana na Antonio Maria Valsalva, mtaalamu wa viungo wa Italia aliyeishi kati ya 1666 na 1723, yeye alikuwa anashughulika na masikio, kupuliza hali umeziba mdomo na pua. Wanyanyua vyuma tumeichukua kwa kazi nyingine.

Utajuaje umefika wakati wa kuvaa

Watu wanapenda kupewa namba, mfano ukifika skwati ya uzito wako mara moja na nusu basi nunua mkanda. Mimi siipendi sana hiyo, kuna mtu anafika hapo huku ananyanyua vibaya kabisa na kuna mwingine hatafika hapo mwaka mzima lakini kila marudio yake yako sawasawa. Naangalia vitu vingine. Je, skwati yako ya tano kwenye seti inafanana na ya kwanza? Unaweza kuvuta pumzi na kukaza bila kukumbushwa? Umeshapita ile hatua ya kuongeza kilo kila wiki kwa urahisi, na sasa kinachokukwamisha ni kiwiliwili kulegea na wala sio miguu? Kama majibu ni ndiyo, mkanda utakusaidia. Kama wewe ndo kwanza mwezi wa pili jimu na skwati bado inayumba, hela ya mkanda itunze, miezi michache ya kujenga msingi hamna kitakachoharibika.

Na usione kuvaa ni lazima. Konstantin Konstantinovs wa Latvia alivuta dedilifti ya kilo 426 mwaka 2009 bila mkanda kabisa, kwahiyo hakuna uzito ambao ukiufikia lazima uvae. Yeye alizoea hivyo na mwili wake ulikubali. Wengi wetu tunanyanyua zaidi tukiwa nao, jaribu vyote viwili kwa wiki kadhaa na uamue mwenyewe.

Mazoezi gani, mzigo gani

Skwati na dedilifti ndo kwenye kazi yake. Kusukuma chuma juu ya kichwa ukiwa umesimama nako unasaidia sana, watu hawalijui hilo, kiuno kinapenda kujikunja nyuma pale mzigo unapopita usoni na ukiwa na kitu cha kusukumia tumbo unasimama imara. Kuvuta chuma kuja tumboni ukiwa umeinama, ukiwa mzito sana, sawa. Benchi presi, ile ya kusukuma chuma ukiwa umelala chali, kuna wanaovaa ili kushikilia ule upinde wa mgongo, hiari yako, mimi sioni kama unabadilisha kitu kikubwa. Mazoezi ya mikono, mashine, kuvuta mwili juu ya bomba, mazoezi ya tumbo yenyewe, huko hauhitajiki hata kidogo, vua uweke pembeni.

Kwenye mzigo, kanuni ninayoifuata ni kupasha na kufanya seti zote nyepesi bila mkanda, afu kuuvaa ukikaribia asilimia 80 ya ule uzito mkubwa unaoweza kuunyanyua mara moja tu. Kama hujui uzito wako wa juu ni upi, tumia hisia, seti ambayo ukimaliza unajua ulikuwa umebakisha marudio mawili au chini ya hapo, hiyo ni seti ya mkanda. Mfano skwati yako ya juu ni kilo 120, kwahiyo 60, 75 na 85 unapiga bila kitu, ukifika 95 kwenda juu unafunga. Ila pasha na mkanda seti moja ya mwisho kabla ya zile nzito, usije ukauvaa kwa mara ya kwanza siku hiyo chini ya mzigo mkubwa kuliko yote, mwili unahitaji kuzoea ule ukuta uko wapi.

Kwa kupanga hivi ule wasiwasi wa tumbo kuwa legevu unakosa msingi, manake kazi nyingi bado unaifanya bila mkanda. Na hata ukiwa umeuvaa, misuli ya tumbo hailali kama unausukuma inavyotakiwa, inafanya kazi kwelikweli, fanya seti tano nzito za skwati na mkanda uone kesho yake ubavu unavyouma. Anayelegea ni yule anayeuvaa toka anaingia mlangoni mpaka anatoka na hajawahi kunyanyua chochote bila huo, huyo hata kichwani ameshautegemea, siku akiusahau nyumbani hawezi kufanya mazoezi.

Namna ya kuufunga

Mahali pake ni kati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa wengi katikati ya mkanda inaangukia kwenye kitovu au juu yake kidogo. Ukikaa chini sana utakuchoma kwenye nyonga ukishuka na tumbo litakosa ukuta, ukikaa juu sana utabana mbavu na hutaweza kuvuta pumzi. Usitafute kipimo cha sentimita, funga, shuka skwati bila mzigo, paangalie panapouma, sogeza kidogo juu au chini, jaribu tena. Kwenye dedilifti watu wengi wanaupandisha kidogo kuliko kwenye skwati, kwa sababu pale chini unapokamata chuma mapaja yanakuja juu yanakutana na mkanda, na kuna wanaouinamisha, mbele juu nyuma chini. Mwenye kiwiliwili kifupi atahangaika zaidi hapa, nitarudi kwake kwenye kununua.

Kubana: watu wanakosea pande zote mbili. Kuna anayebana mpaka uso unabadilika rangi, hana nafasi ya kuvuta pumzi kwahiyo hana cha kusukuma, na kuna anayeuacha unaning'inia kama urembo. Fanya hivi. Toa pumzi kawaida, usitoe yote, funga mkanda ugusane na mwili pande zote bila kukubana, uweze kupitisha kidole kimoja au viwili kwa shida kidogo. Sasa vuta pumzi ya tumboni na ukaze, hapo ndo unatakiwa kuusikia umebana kotekote, mbele, ubavuni na nyuma. Kama umebana kabla hujavuta pumzi, legeza tundu moja. Kama umevuta na bado kuna sehemu huisikii, kaza tundu moja. Dedilifti wengine wanapenda tundu moja legevu zaidi ili waweze kuinama vizuri, hilo ni la kujaribu mwenyewe.

Seti yenyewe sasa, chukulia ni skwati. Ingia chini ya chuma, kitoe kwenye raki, ile stendi yake, ukiwa tayari na pumzi na umekaza, rudi hatua mbili, simama, toa pumzi kidogo, vuta nyingine kubwa ukiielekeza chini kwenye mkanda kama vile unataka kuupasua, kaza, shuka. Ukiwa chini usiachie. Panda, na ukishapita pale pagumu au ukifika juu kabisa ndo unatoa pumzi, unavuta mpya, unarudia. Kila marudio na pumzi yake, angalau kwenye mizigo mizito. Kwenye dedilifti ni pagumu zaidi kwa sababu ukishainama tumbo limekunjika halijai vizuri, kwahiyo vuta pumzi ukiwa umesimama au ukiwa nusu ya kuinama, kaza, afu malizia kushuka ukamate chuma uvute, usikae pale chini sekunde kumi na pumzi imekauka.

Ukimaliza seti, legeza au fungua. Kila mara. Hamna faida ya kukaa umebanwa dakika tatu za kupumzika, unajinyima pumzi tu na unachelewa kurudi sawa.

Kununua

Kitu cha kwanza ni upana. Mkanda mzuri kwa skwati na dedilifti ni ule wenye upana mmoja mzunguko wote, kawaida sentimita 10. Ile iliyo mipana nyuma na myembamba mbele imetengenezwa na mtu aliyeamini kwamba kazi iko mgongoni, na tumeshaona kazi iko tumboni, kwahiyo inakunyima ukuta palepale unapouhitaji. Nayo ina mahali pake, wanaonyanyua kwa mtindo wa Olimpiki wanaipenda kwa sababu chuma kinapita karibu na tumbo na wanahitaji kukunjika vizuri. Mwenye kiwiliwili kifupi, na kinadada wengi wafupi wako hapa, atafute wa sentimita 7 na nusu hivi, ule wa 10 utakuwa unagonga mbavu juu na nyonga chini kwa wakati mmoja na hakuna namna ya kuusogeza ukakaa sawa.

Unene, milimita 10 inamtosha karibu kila mtu. 13 ni migumu kweli, inauma wiki za mwanzo, na ndo mwisho unaoruhusiwa na shirikisho la kimataifa la pawalifti (mchezo wa kushindana skwati, benchi presi na dedilifti), IPF, unene milimita 13 na upana sentimita 10. Kwenye kunyanyua kwa Olimpiki mwisho wa upana ni sentimita 12. Kama una mpango wa kushindana soma sheria za shirikisho lako kabla hujatoa hela, IPF wana orodha ya mikanda inayokubalika na sio kila mkanda wa milimita 13 umo.

Kufunga kuna aina tatu kubwa. Wa pini, kama mkanda wa suruali, huu naupendekeza kwa mtu anayenunua wa kwanza, chukua wa pini moja, wa pini mbili unakuhangaisha kutafuta matundu mawili kwa pamoja ukiwa umechoka na sioni unachopata cha ziada. Wa leva, unapiga kibao kinafunga, unakivuta kinafungua, raha sana, unabana sawasawa kila siku, tatizo ukitaka kubadilisha tundu inabidi ushike bisibisi, kwahiyo kama uzito wako unapanda na kushuka au unataka ubanaji tofauti kwa skwati na dedilifti utachoka nao. Wa nailoni na velkro ni mwepesi, unapinda vizuri, bei yake ndogo, unafaa kwa mazoezi ya kuchanganya kukimbia na kunyanyua, lakini mizigo ikiwa mizito sana velkro inaweza kuachia katikati ya seti na inaisha nguvu kadri inavyotumika.

Saizi jamani, pima kwa futi ya fundi nguo kuzunguka kitovu, ukiwa umevaa nguo za mazoezi, tumbo limekaa kawaida. Usitumie saizi ya suruali, suruali inakaa chini zaidi na namba zake ni za uongo mara nyingi. Afu linganisha na jedwali la wanaouza na uchague saizi itakayokuweka kwenye matundu ya katikati, ukinenepa au ukipungua bado utakutosha.

Wanaotakiwa kuwa makini zaidi

Kushika pumzi chini ya mzigo mkubwa kunapandisha presha ya damu kwa kiasi ambacho wengi hawajui. Kuna kipimo kilichochapishwa mwaka 1985, watunisha misuli watano wakisukuma mzigo mzito kwa miguu kwenye mashine huku presha inapimwa ndani ya mshipa wa mkono, wastani ukafika 320 kwa 250, na mmoja akapita 480 kwa 350. Na hao walikuwa watu wazima wa afya. Inapanda kwa sekunde chache na kushuka, mwili wenye afya unavumilia, lakini mtu mwenye presha ya kupanda isiyotibiwa, tatizo la moyo, uvimbe kwenye mshipa mkubwa wa damu, presha ya macho au aliyefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni, huyo aongee na daktari kabla ya kunyanyua mizito kwa kushika pumzi, awe na mkanda au asiwe nao. Mwenye ngiri hivyohivyo, presha ya tumbo inasukuma palepale penye tundu. Mjamzito asifunge tumbo.

Kuna jambo linawapata kina dada wengi na wanalinyamazia, mkojo kuponyoka kwenye skwati au dedilifti nzito. Hutakiwi kuona aibu na hutakiwi kulizoea kama kitu cha kawaida. Mara nyingi ile presha inashuka chini kwenye misuli inayozuia mkojo na misuli hiyo inasukumwa badala ya kukaza. Ukivuta pumzi na kukaza tumbo, kaza na huko chini kidogo kama unazuia mkojo, usisukume kama mtu aliye chooni. Legeza mkanda tundu moja, mara nyingi umebana kupita kiasi, punguza mzigo kwa muda uone, na kama umejifungua karibuni anza upya na pumzi za kulala chali kabla ya kurudi kwenye chuma. Isipokoma tafuta mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulika na misuli ya nyonga, wapo na wanasaidia sana.

Kizunguzungu baada ya seti kinatokea ukishika pumzi muda mrefu afu ukaachia ghafla. Usikimbilie kutoka, rudisha chuma kwenye raki kwanza, kishikilie, pumua mara kadhaa. Kikijirudia kila seti punguza ukali na upime presha.

Siku za kwanza na mkanda mpya

Ngozi mpya ni ngumu na itakuachia alama, michubuko kidogo kwenye mbavu na nyonga wiki za mwanzo ni kawaida, vaa tisheti ndefu ndani yake usiuvae kwenye ngozi tupu. Kuulainisha, ukunje kama unavyokunja mkeka, uukunjue, uukunje upande wa pili, dakika kadhaa kila siku ukiwa umekaa zako. Usiukunje kwa upana wake, utapasuka. Usiuloweke maji, usiuache juani wala ndani ya gari lenye joto, jasho likiujaa ufute na kitambaa chenye unyevu kidogo na uutundike penye hewa, usiufungie kwenye begi na nguo mbichi.

Wiki mbili za kwanza usiguse rekodi yako. Tumia mizigo uliyoizoea kabisa, hata asilimia 60 au 70, lengo ni kujifunza kusukuma tumbo liugonge mkanda kila marudio na kujua tundu lako na mahali pako. Mwambie mwenzako akurekodi kwa simu kutokea ubavuni, seti moja na mkanda na nyingine bila, mzigo uleule, afu linganisha kiuno chako pale chini kabisa kwenye skwati. Kama bila mkanda kiuno kinakunjika na ukiwa nao kinatulia, bado una kazi ya kufanya kwenye zile seti nyepesi, ongeza huko kwanza. Kama vyote vinafanana, anza kupandisha, kilo mbili na nusu kila mara.